Taa Ndogo ya Amplifaya ya Nyuzi

Jumatatu, 4 Machi

Imeimba! Amplifaya ya gitaa ya vali, niliyoiunda kwa mikono hii juu ya meza ya kulia chakula, imeimba leo kwa mara ya kwanza. Haikunguruma, haikutoa moshi. Nyuzi — binti yangu, mama yake alimpa jina hilo tangu aanze kulala na gitaa kitandani — alipiga nyimbo mbili. Kisha akaniambia, Baba, hii ni moto wa kuotea mbali. Nilijifanya nafuta meza.

Watu huniuliza nawezaje. Mafundi wengine hukodoa macho kusoma ukubwa wa rezista kwa vile vimistari vyake vya rangi. Mimi sijawahi. Nachukua mita, napima, kwisha. Rangi ni za wavivu.

Imebaki taa ndogo ya mbele tu, ya kumwambia mpigaji kwamba umeme umeingia. Vali, zile chupa za kioo kama za redio za zamani, huchelewa kupata moto. Bila taa mtu atadhani kifaa kimekufa, ataanza kukipigapiga, au ataingiza mkono ndani kwenye umeme wa kumrusha hadi ukutani.

Na kazini mambo yananyooka! Msimamizi wa zamu anastaafu, na mhandisi ameniambia jina langu ndilo lililopelekwa. Miaka yote nimekuwa chini na pampu za maji, nikirudi nyumbani na mafuta hadi kwenye nyusi. Sasa nitakaa juu, kwenye chumba cha kuongozea mitambo, kwenye kiti chenye magurudumu, mbele ya ubao wa taa. Kilichobaki ni kupimwa macho Jumatano ya wiki ijayo. Macho! Mimi ndiye ninayemtungia mama mkwe uzi kwenye sindano.

Jumatano, 6 Machi

Nyuzi anataka taa ya kijani. Ukumbini kila amplifaya ina nyekundu, naye anataka yake ijulikane kwa mbali. Atapiga na bendi kwa mara ya kwanza Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimepita kwa muuza vipuri. Ana sanduku la vioo vya taa vya zamani, vyote vimechanganyika. Nimechambua hadi nikapata kimoja kizito, kimechongwa pembepembe. Kijani chenyewe! Akaniuliza si nimesema nataka kijani. Nikamjibu ndiyo, na ndicho hiki. Una hakika, kaka? Nikauona ujanja wake — ananitia wasiwasi ili ninunue kile kipya cha kwenye kabati. Nimekitia mfukoni nikaondoka kifua mbele.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoboa tundu, nikalainisha kingo kwa tupa, nikaiingiza taa na kuiunga kwenye nyaya zilezile zinazopasha vali moto. Kazi safi. Nikawasha.

Nyuzi akaingia, akasimama, akacheka. Baba, nilisema kijani. Si ndiyo hiyo! Akacheka zaidi, akamwita mama yake aje aone Baba anavyotania. Mama Nyuzi akaja na mwiko mkononi, akaitazama taa, akanitazama mimi, akarudi kwenye sufuria yake. Hakucheka hata kidogo.

Tatizo nalijua. Ni glopu. Nuru yake ina unjano, inaharibu rangi ya kioo. Kesho naweka ile ndogo nyeupe ya kisasa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimebadilisha. Nyuzi anasema bado ni nyekundu. Sasa wamepatana kunichezea shere, yeye na muuza vipuri wake! Kesho naenda dukani, atanieleza vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Sikwenda.

Mama Nyuzi alinikuta nafunga viatu, akanikalisha. Akaniuliza: tangu tuoane, nani anakutolea nguo za kuvaa? Nikasema wewe. Kwa nini? Nikasema kwa sababu unanipenda. Alicheka hadi akajifuta machozi. Nakupenda, ndiyo, akasema, lakini siku uliyokuja kwetu kujitambulisha ulivaa soksi moja nyekundu na moja ya kijani, ukakaa mbele ya baba yangu umekunja nne. Baba alidhani ndiyo fasheni.

Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, Baba Nyuzi, nilidhani unajua. Nilidhani tunanyamaza wote wawili.

Nikabisha. Nikabisha sana! Nyuzi akaenda mwenyewe dukani, akarudi na vioo vingine, akanigeuza ukutani, akawa anawasha kimoja kimoja. Geuka, Baba. Hii? Kijani. Haya tazama ukutani. Geuka. Hii? Nyekundu. Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye aliacha, akawa ananiuliza taratibu, kama muuguzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nakisia.

Nimeona aibu. Na hasira pia, sijui ya nani. Kwangu chekundu na cha kijani vyote vina rangi ya chai iliyolala. Mtu mzima, ndevu zimeanza kuota mvi, na ndiyo kwanza naambiwa.

Kisha akawasha cha bluu. Hicho! Bluu naiona bila wasiwasi. Akavichanganya, akanitega, akazima na kuwasha — sikukosa hata mara moja. Basi iwe bluu, Nyuzi akasema, ukumbi mzima hakuna mwenye bluu. Mama Nyuzi naye akasema inapendeza. Nimeilehemu palepale.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimepanda juu kuutazama ubao. Ule wa zamani ulikuwa na taa mbili kwa kila pampu. Ya juu ikiwaka, pampu inazunguka. Ya chini ikiwaka, imesimama. Kumbe ndivyo nilivyokuwa nausoma kila nilipotumwa kule — kwa mahali! Nilijiona hodari.

Wameung'oa. Huu mpya una taa moja kwa kila pampu. Moja tu, inajibadilisha yenyewe: kijani inazunguka, nyekundu imesimama. Mhandisi alinionyesha kwa fahari. Pampu ya tano iko kwenye matengenezo, akasema, unaona hapo? Nikasema naam, naona. Sikuona kitu. Zilikuwa safu ya taa zinazofanana, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Kazi ya kiti kile ni hiyo tu: kujua ipi imesimama, na kujua mapema. Pampu ikilala bila mtu kuamka, tangi la juu linashuka, na wa kwanza kukaukiwa ni wale wa mlimani. Hospitali iko mlimani.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na taa. Nitapata njia.

Jumanne, 12 Machi

Njia imejileta. Shemeji, mdogo wake Mama Nyuzi, anakaa mapokezi pale zahanati nitakapopimwa. Mama Nyuzi alimweleza, naye amenitumia kwenye simu picha za kitabu kizima cha daktari cha kupimia rangi, na jibu la kila ukurasa ameliandika chini yake. Kila ukurasa una nukta za rangi, na ndani ya nukta kuna namba. Ati. Mimi naona nukta. Ila shemeji anasema kurasa hufunuliwa kwa mpangilio uleule kila siku, na kichwa changu hakivuji. Nimezishika zote kabla chai haijapoa!

Mama Nyuzi amenisikiliza nikizikariri. Akasema nafasi hii tumeisubiri mno. Kisha akasema, lakini sijui, Baba Nyuzi. Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nyuzi aliuliza jambo moja tu: na pampu nazo utazikariri? Nikamwambia asinifundishe kazi, nimezijua pampu zile kabla yeye hajaota meno. Mpango upo. Nikishakizoea kiti nitamshauri mhandisi waweke taa za bluu. Ni jambo dogo. Nimeunda amplifaya mimi, sembuse kubadilisha vitaa!

Jumatano, 13 Machi

Nimefaulu! Daktari anafunua, mimi najibu. Hata uso hakuinua. Shemeji alinikonyeza nilipokuwa natoka. Mhandisi amenipa mkono mbele ya wote, na wenzangu wa chini wameanza kuniita Bosi. Mabega — mwenzangu wa pampu, tumepokezana zamu tangu ujana — amesema sasa tuna mtu wetu huko juu, tutalala usingizi.

Jumapili, 17 Machi

Jana Nyuzi alipiga. Jamani! Nilikaa safu ya pili, suti nimetolewa na mama yake. Walipopunguza taa za ukumbi nikaiona ileile, bluu yangu, peke yake kati ya zile nyingine. Sauti ilitoka nene, safi, na mwishoni mwa wimbo wa tatu watu walisimama. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Sijawahi kujivuna kiasi kile.

Akawatambulisha wenzake mmoja mmoja. Mwisho akasema amplifaya hii imeundwa na baba yangu. Watu wakageuka kunitazama, nikainuka nikapunga mkono kama mbunge.

Tukiwa tunabeba vyombo nje nikamkumbusha kwamba Jumatatu naanza kiti kipya. Akasema, hongera, Baba. Akainama kuzungusha waya wake. Njiani alikaa nyuma na mama yake.

Ataelewa. Nikishaweka zile za bluu ataelewa.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika zamuni. Kiti kizuri, mgongo umetulia. Kioo cha dirisha ni kinene mno, pampu zinazunguka huko chini na hapa husikii kitu. Sikulitegemea hilo, nilidhani nitazijua kwa masikio. Mhandisi amenikabidhi funguo, akasema hana wasiwasi nami, akaondoka kwenda kwenye mkutano wake.

Saa ya kwanza imepita vizuri. Nimeandika kila kitu kwa utulivu. Nilifikiria kushuka mara moja kuzikagua kwa mkono, lakini msimamizi haruhusiwi kuuacha ubao. Nimesaini mwenyewe.

Sasa hivi kengele imelia mara moja, ikanyamaza. Kuna taa iliyopepesa — nimeiona kwa pembeni — ya pili au ya tatu. Nimesimama, nimezisogelea hadi pua inakaribia kugusa. Ya pili. Ya tatu. Sijui. Sijui kabisa!

Hakuna haja ya kuhamaki. Nimepiga simu kwenye chumba cha zamu huko chini, amepokea Mabega, nasikia vikombe vya chai. Nimemwuliza kwa utani, kama mtu anayejaribu kiti chake: haya, pampu ya tatu inasemaje leo?

Amecheka. Bosi, amesema, sisi tumekaa, tunakutegemea wewe. Si unaiona hapo mbele yako?

Nimemwambia asikate, kuna kitu naandika. Yuko kwenye simu, ananisubiri.