Virusi Gani?

Ngokolo, 9 Februari 2025

Maige mdogo wangu,

"Virusi havijawahi kumponya mtu, anayekuwekea virusi anakuua." Hayo ni ya mkweo Boaz, na hata salamu zimesubiri kwanza niyabomoe. Mguu unaendeleaje baada ya sindano ya kwanza? Homa imeshuka? Huku wazima, mayu anakula vizuri, anakuombea mwanawe.

Sasa Boaz. Chanjo ya surua waliyodungwa wanawe ilikuwa na nini, uji? Ni virusi vya surua vilivyopunguzwa makali. Na vyako ni jamii ya vile vinavyotuletea vidonda vya mdomo tukiwa na homa. Maabara wamevibadili, wanavidunga ndani ya uvimbe wa unyayo, vinapasua seli za saratani, na mwili unaamka kupigana. Ni majaribio, sikudanganyi, lakini uvimbe wako umeanza kusinyaa.

Nimeyaandika yote kwenye kundi la ukoo, wakweo wamo. Hapo Boaz nimemshinda. Sindano ya pili usiikose.

Dada yako, Rhoda

Rwamgasa, 2 Machi

Dada, shikamoo. Naendelea vizuri, mguu naukanyagia. Msalimie mayu.

Uliandika, "Maige amewekewa virusi, na sioni aibu kulisema." Watu waliishia hapo. Huku ukisikia fulani ana virusi, huulizi virusi gani. Mke wangu Nyamizi kapima, hana kitu. Baba yake kamchukua hivyo hivyo, pamoja na mtoto. Duarani, tunapochimba dhahabu, nikishika kikombe cha chai ndugu yetu Wiliam anasema, "Maliza chote, Maige, sisi tumeshiba."

Dar siendi tena. Nikirudi kudungwa, nitakuwa nimekiri.

Ulimshinda Boaz, dada.

Mdogo wako, Maige

Ngokolo, 4 Machi

Maige,

Naulizia hali yako huku naona haya kuuliza. Nilijua neno lile linasikikaje kwetu. Ningeweza kuandika "sindano ya saratani" na ukweli ungebaki ule ule. Nililichagua kwa sababu lilimchoma Boaz. Nilikuwa nagombana naye juu ya mwili wako.

Nichukie, lakini nenda. Nijibu hata neno moja.

Dada yako, Rhoda

Ngokolo, 23 Machi

Kwenu nyote wa kundi la ukoo,

Mzee Boaz, shikamoo. Natumaini mko salama nyumbani. Maige hajanijibu, na simu yake haipatikani. Daktari amemshikia nafasi hadi Ijumaa. Baada ya hapo anapewa mgonjwa mwingine, na uvimbe utaendelea na safari yake.

Maige ana saratani. Hana UKIMWI, na hata angekuwa nao, ninyi mliomtenga mngebaki na kosa lile lile. La kwangu nimelibeba: nilitaka kushinda, nikamtumia ndugu yangu kama jiwe.

Mzee Boaz, mpeleke Nyamizi kwa mumewe leo, kwa miguu yako, watu wakiona. Wiliam, unajua duara anamojificha: mtoe, umpandishe basi la Dar kabla ya Alhamisi, ukae naye kiti kimoja hadi mfike.

Dada yake, Rhoda