Mawe Waliyokufungia

Dada Nyamizi,

Shikamoo, ingawa najua leo hutaitika.

Mgodi umefungwa. Dhahabu imekwisha, Wazungu wamepakia mashine zao wakashika njia ya stesheni ya Tabora, na kilima cha kifusi wametuachia juu ya shamba letu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kukitazama. Kumbe hawakuwa na haja nacho hata kidogo!

Unakumbuka walivyoanza kuyamwaga yale mawe? Yalifukia mtama wetu, yakafukia na bonde tulilochimba udongo wa vyungu tangu enzi za bibi. Tulipokwenda kulalamika, msimamizi wa mgodi alicheka: "Hizo ni taka. Mkizitaka, chukueni." Mimi nililia. Wewe uliokota mawe meupe, ukayaponda, ukachanganya unga wake na udongo wa kichuguu. Vyungu vya kwanza vilipasuka motoni. "Kabula, twanga tena," uliniambia, "bado ni kokoto." Tukatwanga mpaka viganja vikachubuka, na safari hiyo mitungi ikatoka mizima, ukiigonga inalia. Wanawake walikuja kuinunua hata kutoka Mtendeni.

Hapo ndipo taka zilipogeuka mali ya kampuni! Mlinzi akakukamata na kikapu kichwani. Barazani ulimwuliza hakimu, "Mtama wangu uko chini ya mawe yao. Nani kamwibia mwenzake?" Watu waliguna. Akakufunga. Uliingia jela kwa miguu yako, ukarudi umebebwa, kifua kinakubana, na masika hukuyaona.

Na mazishini je! Mwalimu wa dini akamwomba Mungu akusamehe wizi wako. Wizi! Nilisimama, mimi mwoga wa siku zote, nikamwambia, "Futa neno hilo, au ondoka kaburini kwa dada yangu." Akafunga kitabu chake akaondoka. Mama mkwe wako akaanzisha wimbo, tukakuzika wenyewe.

Tangu waondoke tunapanda kifusini kuokota mawe mchana kweupe, wanawake wa kijiji kizima, hatumwombi mtu ruhusa. Mitungi inakauka uani kwako. Kesho tunachoma.

Nakuahidi: kila atakayenunua nitamwambia nani aliyeanza kazi hii, na walimtenda nini. Watakaochoka kunisikiliza wachoke.

Wewe lala, dada. Hasira niachie mimi.

Mdogo wako,
Kabula