Kizuizi cha Mia na Themanini

3 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za afya na mazoezi? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mjomba, ambaye meno yake mawili nimeyaokota kwenye sakafu ya gereji.

Bosi wako, Nyundo, alileta gari la mashindano juzi. Tangu nimalize shule sijaona kitu kizuri hivyo. Silinda sita katika mstari mmoja, tabo mbili za kuisukumia injini hewa, na nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Waliolichora kule Japani hawakuacha mkunjo wa bati usio na kazi. Upepo wenyewe unaligandamiza barabarani. Lakini Nyundo ametoa breki zake na kufunga diski za bandia. Nilipozipangusa niliona nyufa nyembamba kama nywele. Mjomba alipomwambia, alipigwa mdomoni na mpini wa jeki.

"Nimekuletea gari, sijakuomba mahubiri!"

Mimi nilikuwa chini ya dashibodi. Sikutoa hata kikohozi. Kaka, usiliendeshe.

Mdogo wako,
Kimya

8 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mpe Mjomba pole. Mwambie sasa atapiga mluzi vizuri.

Usinililie, nisaidie. Gari hilo lina kizuizi: likifika kilomita mia na themanini kwa saa, kompyuta inakata mafuta. Mpinzani wangu anapita mia mbili na thelathini. Nyundo anasema mikono yako midogo ndiyo inayofika kwenye kompyuta hiyo. Kitoe. Dereva aliyekataa kuendesha mwezi jana alivunjwa goti, nasi tukapangwa mstari tutazame. Tena unanijua: afadhali nivunjike shingo kuliko kuitwa mwoga.

Kaka yako,
Risasi

12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Naandika haraka, dereva wa lori la vipuri anapiga honi.

Nyundo amelichukua gari. Hakulijaribu, barabara yetu ni matuta matupu. Alinikaba shingo, akauliza, "Umekitoa?" Nikaitikia kwa kichwa. Alama za vidole vyake bado zipo.

Kizuizi kimetoka, kaka. Kaza mkanda.

Mdogo wako,
Kimya

2 Aprili

Kimya,

Hujambo? Mimi sijambo upande wa kushoto, ndiyo maana mwandiko ni wa kuku.

Nilikuwa mbele. Kwenye mia na themanini injini ikakohoa, kama mtu aliyeshikwa koo. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho; wapi! Mpinzani akanipita huku akinipungia mkono. Nilikutukana, mdogo wangu, matusi ambayo Mama hakutufundisha. Mwisho wa njia nikagusa breki. Diski ya kushoto ikapasuka, kipande kikatoboa bati la mlango. Gari lilizunguka mara tatu, likasimama hatua mbili kutoka ukutani.

Nikakaa, nikizitazama hatua hizo mbili.

Watu wa Nyundo walinitoa kwa nywele. Nyundo aliulaza mkono wangu wa kulia kwenye kizingiti cha mlango, akaufunga mlango kwa teke. Mara ya kwanza aliuliza nani alikiacha kizuizi. Mara ya tatu nikajibu: mimi. Nilimtuma fundi akiache, kwa sababu niliogopa.

Walicheka mpaka wakaketi chini. Kwa hiyo hatakuja gerejini kukuuliza kitu. Naja na lori la Ijumaa, uniandalie kitanda. Na ukisikia madereva huku wananiita kwa jina jipya, usibishane nao.

Kaka yako,
Mwoga