Kulungu wa Kwenye Kompyuta

Baba Aino,

Supu ya samaki iko jikoni, ~~pasha ule~~ usiiguse! Na sauna, bafu letu la mvuke, usiiwashe.

Asubuhi kulungu wa mchezo wako alipolia, mbwa wetu Halla alidhani ni wa kweli. Akanipita mlangoni, akatokomea msituni. Nikakuita. Ukanijibu, "Shii, mama, utamfukuza!"

Tangu alfajiri unafuata damu ya mnyama asiyekuwepo, umebana pumzi eti atakusikia. Mbwa mzee aliyekutafutia nyama ya kweli miaka yote, hata shingo hukumgeuzia!

Nimemfuata mwenyewe, na mguu wangu huu mbovu. Nyayo zetu zimo kwenye theluji, hata mtoto ataziona.

Haya, bwana mwindaji. Zifuate.

Mama Aino