Nilimpima Chura Bila Deo Juu Yake

Jumamosi, 14 Juni.

Moshi. Baridi tangu alfajiri, manyunyu mepesi, mlima haukuonekana kabisa. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu daftari langu silifungui tena. Lina namba moja ndani yake ambayo sitaki kukutana nayo. Imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri, na chini nimepiga mstari kwa rula.

125.

Leo nimeamua kuieleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyozoea.

Mdogo wangu Deo ni fundi wa kuchomelea. Alikuwa na pikipiki ya magurudumu manne, ile ya michezo, ya kiti kimoja, chini chini na yenye kelele. Mama alipoiona mara ya kwanza imechuchumaa uani kwetu kijijini Mkuu, alisema, "Huyu chura umemtoa wapi?" Tangu siku hiyo ikaitwa Chura. Jumapili Deo alishindana na wenzake kwenye tambarare za vumbi chini ya Himo, na kila baada ya wiki mbili alipanda nayo kwenda kumwona Mama.

Chura alikuwa mwembamba. Kwenye kona kali gurudumu la ndani lilinyanyuka. Kwa hiyo mwaka jana Deo akaamua kumpanua. Alifunga mikono mipya ya mbele, vile vyuma vyenye umbo la herufi A vinavyoshika magurudumu, mirefu kuliko ya zamani kwa sentimita tano kila upande. Nyuma akaweka ekseli ndefu ya kulingana nayo. Mimi natunza stoo kwenye duka la vipuri hapa mjini, na vipimo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo alisema, "Mama Stoo, njoo upime, uandike kwenye msahafu wako."

Nikaenda na futi yangu. Chura alikuwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Nikapima kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia. Sentimita 125. Nikaandika.

Daraja la kuingia nyumbani kwetu nilikuwa nimeshalipima. Ni la zege, Baba alilijenga juu ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji shambani kutoka juu mlimani. Pembeni aliweka kingo za mawe zinazofika chini kidogo ya goti ili ng'ombe wasiteleze. Kati ya kingo na kingo, sentimita 136.

Wiki tatu baadaye, Chura akiwa bado juu ya magogo, rimu mpya zikafika dukani. Mimi ndiye niliyezipokea.

Rimu ina bamba katikati, ndilo linalofungwa kwa nati. Zile za zamani zilikuwa na inchi tatu nje ya bamba na mbili ndani. Hizi mpya zilikuwa na nne nje na moja ndani. Upana wa rimu ni uleule, inchi tano, lakini kila tairi linasogea nje kwa inchi moja. Pande mbili ni sentimita tano. Haya nayajua. Mteja akiniuliza kaunta, namweleza nikiwa nafunga mzigo wa mtu mwingine. Nilisaini karatasi ya kupokelea, nikampa Deo boksi, nikarudi kwenye kazi zangu.

Daftari sikulirekebisha.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli. Saa kumi na moja jioni Deo alinipigia akiwa njiani, anakaribia nyumbani. "Dada, Chura na upana wake huu mpya anapita kwa Mama?" Daftari lilikuwa mbele yangu. Nikasoma. Nikatoa 125 kwenye 136. "Anapita. Unabaki na sentimita kumi na moja." Akacheka. "Hapo napita nimefumba macho."

Alipita kwa mwendo wa mtu aliyeambiwa kuna nafasi. Tairi la mbele la kushoto likakamata ukingo wa mawe, likaupanda, Chura akapinduka. Deo alianguka mfongoni na Chura akamwangukia mgongoni.

Miguu yake haijasogea tangu siku hiyo.

Hospitalini, siku ya tatu, watu walimuuliza ilikuwaje. Akasema, "Nilikosea mwenyewe. Mikono yangu hii hii." Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda nimeshika chupa ya uji. Nilinyamaza. Nikajiambia, ngoja apate nafuu kwanza. Kisha ngoja atoke hospitali. Kisha ngoja Pasaka ipite.

Miezi saba.

Kama ningekuwa nimejificha tu bila kumuumiza mtu, labda ningeweza kuishi hivyo. Lakini mikono ya Deo ni mizima. Daktari mwenyewe alisema anaweza kukaa kwenye kiti na kuchomelea mageti mezani. Majirani wameleta kazi mara mbili. Anakataa. "Mikono iliyoshindwa daraja la nyumbani itashika nini?" Anakaa barazani mchana kutwa, viganja vimefunikwa na shuka.

Sasa ameamua Chura auzwe. Mnunuzi ni wa Tarakea, anampitia Jumatatu. Deo aliniomba nikamkague kwa Fundi Shirima kabla hajaondoka, na ndiyo maana leo saa tatu nilikuwa gereji.

Fundi alikuwa amekwisha kunyoosha usukani na kubadilisha bodi ya nyuma. Mikono ya mbele haikupinda hata kidogo. Nilimwamkia, nikatoa futi. Akanitazama.

"Marahaba. Dada Fau, wewe hata chai unaipima?"

Nikapima Chura akiwa amesimama chini, kwa magurudumu yake. 132. Nilitegemea 130, yaani 125 na tano za rimu. Nikapima tena. 132.

"Sentimita mbili za ziada zimetoka wapi?" nikauliza.

"Ulimpima ananing'inia?"

"Ndiyo."

"Basi. Akining'inia mikono inalala kwenda chini, magurudumu yanajikusanya. Ukimshusha, uzito wake unainyoosha mikono, yanatanuka. Subiri." Akapanda, akakaa. Fundi Shirima ni mtu wa mwili, kama Deo alivyokuwa. Shokapu zikabonyea. "Haya, pima."

135.

Kingo na kingo, 136. Sentimita moja. Nusu huku, nusu kule, kwenye zege lenye maji.

Fundi alishuka akaendelea na mambo yake. Mimi nilikaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Miezi saba nilidhani kosa langu ni rimu. Kumbe nilipima kila kitu cha Chura isipokuwa mtu wa kumpanda. Nilipima bila Deo.

Nilichana karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: UPANA 135 AKIWA NA MTU. Nikaibandika kwenye tangi kwa gundi ya karatasi. Mnunuzi wa Tarakea naye bila shaka ana daraja lake mahali.

Kisha nikapanda gari la Mkuu.

Kwetu, asiyetoka Uchaggani ajue, kuna mmea unaitwa isale. Majani yake marefu ndiyo uzio na ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unampelekea isale kuomba msamaha. Na aliyepelekewa hatakiwi kukataa. Nilikata jani moja pale mpakani, nikavuka daraja kwa miguu. Mama alikuwa anamenya ndizi za kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage. Nikamwamkia. Aliitikia, akaliona jani, kisu kikasimama, halafu akaendelea kumenya. Hakuuliza ni la nani.

Deo alikuwa barazani.

"Mkaguzi mkuu amefika," akasema. "Chura mzima?"

"Mzima. Deo, nina jambo."

Nilimwambia kwa mpangilio. Magogo. Rimu. Karatasi niliyosaini. Simu. 125, 132, 135. Sikulia, kwa sababu nilijua nikilia atanibembeleza, na mazungumzo yatakuwa ya kunibembeleza mimi.

Alinisikiliza hadi namba ya mwisho. Kisha akatoa mikono chini ya shuka, akaiweka juu ya magoti yasiyohisi kitu, akaitazama.

"Kwa hiyo nilikuwa katikati ya daraja?"

"Ulikuwa katikati."

"Nilishika usukani sawasawa."

"Sawasawa kabisa. Hakukuwa na pa kupita."

"Na wewe ulijua. Tangu hospitali."

"Nilijua ya rimu."

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika. Sijawahi kumwona Deo akilia, hata siku tulipomzika Baba. Nikanyoosha mkono wenye isale. Aliliona jani kupitia katikati ya vidole vyake.

"Usinipe hiyo."

"Deo..."

"Dada, usinipe. Ukinipa sitaweza kukataa, unajua. Niache kwanza nikasirike. Miezi saba nimejikasirikia mimi mwenyewe, niachie japo kidogo nikukasirikie wewe."

Nikarudisha mkono.

Sikukaa kula. Mama alinifungia kiburu kwenye kontena, akanisindikiza hadi darajani. Hapo akasimama akagusa ukingo wa mawe wa kushoto, pale palipokatika kipande. Nadhani alisikia yote. "Nenda salama, mwanangu," akasema. Aliniita mwanangu. Nililishika neno hilo hadi Himo.

Nimefika Moshi saa moja jioni. Jani nimeliweka kwenye glasi ya maji juu ya friji. Kiburu kipo, sijakigusa.

Saa mbili Mama akapiga simu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama anajificha. Baada ya mimi kuondoka, Deo aliomba futi yake, ile ya kazini ambayo tangu Novemba hakuruhusu mtu aitaje. Akaomba asukumwe kwenye kiti chake cha magurudumu hadi darajani. Mama akashika ncha upande mmoja, Deo akavuta mwenyewe hadi upande wa pili. Walipima mara tatu, mwanzo wa daraja, katikati na mwisho.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alisema nikwambie namba ya daraja ulipima vizuri."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Sasa amekaa na hiyo futi mkononi, anaivuta na kuiachia. Inanipigia kelele."

Nimekaa na maneno hayo tangu hapo. Sio msamaha, najua, na sitajidanganya. Alikuwa anakagua kazi yangu. Ana haki ya kukagua kila kitu nilichowahi kumpimia maishani. Lakini amekagua kwa mikono yake.

Sijui isale hukaa muda gani kwenye maji. Nimeishi nayo mpakani miaka yote na sijawahi kuuliza. Nitabadilisha maji kila asubuhi. Ikikauka, nitakata nyingine. Sitaipeleka mpaka aniite.

Nimefungua daftari. Chini ya 125 nimeandika 135, na pembeni, Deo akiwa amekaa. Ile ya kwanza sikuifuta.

Naongeza Jumapili asubuhi, ili rekodi ikamilike: usingizi ulinipata saa tisa na dakika ishirini usiku.