Barua ya Kumsifu Safa

Dagoretti Corner, 3 Novemba 2025

Baba mpenzi,

Assalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima.

Naomba nafasi ya shahada ya pili, kusomea kinga ya mwili. Mwisho wa maombi ni tarehe 28. Inatakiwa barua ya msimamizi wangu wa maabara, ya kunisifu. Daktari Musili kaniambia, "Andika mwenyewe, Safa, mimi nitaweka sign tu." Hapa wote hufanya hivyo. Nimeandika, "Safa huja kazini mapema," nikakwama. Wewe unawaandikia barua nusu ya wateja wa duka lako. Nisaidie.

Mwanao, Safa

Mtaa wa Biashara, 8 Novemba

Mwanangu Safa,

Waaleikum salaam. Goti linauma, alhamdulillahi.

Sikukulea ujisifu, wala mimi sijakusifu tangu uzaliwe. Sababu unaijua. Kaka yako Mujahid alisoma Kurani arusini, ukumbi mzima ukamsifu. Wiki haikwisha, tukamzika. Watu wana jicho. Chema chajiuza, mwanangu.

Baba yako

Dagoretti Corner, 14 Novemba

Shikamoo Baba,

Natumai hamjambo, wewe na Mama.

Daktari amenirudishia barua. Anasema hata mlinzi wa geti huja mapema. Wanaochagua hawatakuja huku kuniona, Baba, wana karatasi tu.

Mujahid hakuuawa na sifa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisomea. Nisamehe kwa kulisema.

Mwanao, Safa

Mtaa wa Biashara, 26 Novemba

Mwanangu,

Salaam. Siku kumi barua yako imekaa mezani, na nilikuwa nimekukasirikia. Hii naituma kwa basi la usiku, ikufikie kabla ya tarehe 28. Sasa andika haya, la barafu ulimsimulia mama yako mwenyewe, umpelekee Daktari kwa Kiingereza:

"Umeme ulipokatika maabara, Safa alizunguka kwa wauza samaki kununua barafu, na hakuna sampuli hata moja iliyoharibika. Asilolijua husema halijui. Alipokuwa na miaka kumi alimuuliza baba yake kwa nini kaka yake amekufa. Jibu halikumridhisha, na alikuwa na haki. Mashaallah."

Neno la mwisho usilitoe, hata kama Daktari halielewi.

Baba yako

Mtaa wa Biashara, 31 Machi 2026

Safa wangu,

Salaam nyingi. Goti ni lile lile.

Tumepata habari kwamba umechaguliwa. Mama yako amelia, kisha akapika biriani siku ya kazi.

Leo kaja mteja wa leso, akauliza hali ya watoto. Miaka yote mimi humjibu, "Wapo." Leo nimemwambia nina binti mwenye akili kuliko mimi, na anakwenda kusomea ugonjwa uliomchukua kaka yake. Nikamfungia mzigo wake. Alipoondoka nilishusha mlango wa duka, nikakuombea mpaka adhuhuri.

Bado naogopa, mwanangu. Wewe kasome.

Baba yako