Fromaji ya Njia ya Walikale

Jumatatu, 2 mwezi wa tatu 1953

Nimegeuza fromaji zote asubuhi, jibini za maziwa ya ng'ombe, nimezipangusa na maji ya chumvi. Mikono inawasha. Mvua tena. Bwana Ndevu, mwenye shamba, aliingia stoo na muzungu mwingine, yule anayetafuta mawe ya madini. Anaenda Walikale kwa miguu, karibu mwezi muzima, na hawezi kukaa bila fromaji. Muntu muzima. Bwana alininyooshea kidole: huyu njo ataichagua, huyu njo ataibeba. Mimi sikuulizwa kitu.

Furaha, bibi yangu, iko na mimba ya miezi saba kule kwetu Bihambwe. Leo nilitaka kuomba kurudi. Sikuomba.

Jumanne, 3 mwezi wa tatu

Nimeomba. Nilisimama chini ya baraza, kofia mukononi. Nikasema kontra yangu, mapatano ya kazi, iliisha tangu mavuno ya maharagi, Bwana atie mukono kwenye kitabu changu cha kazi niende. Bila hiyo, polisi wa bariere, ule muti unaofunga barabara, wananikamata kama mutoro, na fimbo juu. Alicheka. Kiisha akasema: fromaji ikifika mwisho wa safari bila kuoza, nitatia mukono. Ikioza, unabaki.

Kwetu mutoto anazaliwa kwenye kilima cha baba yake, na kitovu kinazikwa katika migomba yao. Hapo njo kilima kinamujua. Mutoto wa kambi, kilima gani kitamujua? Nataka niwe pale siku hiyo. Sitaki kingine.

Alhamisi, 5 mwezi wa tatu

Kuchagua. Ile laini ambayo Bwana anapaka kwenye mukate, hapana. Iko na maji mingi ndani, joto la Walikale litaifanya uji. Ile ya matundu makubwa, hapana, ikigongwa inapasuka. Nimechukua zile zilizokaa muda murefu, ngumu, nikigonga na kidole zinalia sawa mbao. Tena ndogo. Kubwa ukiikata leo, kesho inaanza kuharibika, na njia bado iko mbele. Ndogo unaikata, inaliwa, inaisha. Kila moja nimeifunga katika kitambaa cha pamba, ipumue. Chumvi mufuko mumoja. Mafuta ya kupaka ganda, chupa moja.

Papa Bauma, kapita, musimamizi wa wabebaji, alinusa kasha. "Kaka, hii iko maziwa ao iko miguu ya muntu?" Nilicheka. Ilikuwa zamani sijacheka.

Jumapili, 8 mwezi wa tatu

Hakuna misa. Tunateremka tu. Kasha iko kichwani kwangu, na Muzungu wa Mawe anatembea nyuma yangu, macho kwenye kasha. Hata nikienda porini kujisaidia anauliza kasha iko wapi. Nimechoka naye.

Jumatano, 11 mwezi wa tatu

Pori. Miti imefunga mbingu. Mimi ni muntu wa vilima, nimezoea kuona mbali. Hapa macho yanagonga majani. Fromaji inatoka jasho, na mimi vilevile.

Nimeteleza, chupa ya mafuta imevunjika. Ganda bila mafuta linapasuka, na funza wanaingia. Katika kijiji hakuna mafuta mengine ila mawese. Nimepaka mawese. Zote zimekuwa nyekundu. Muzungu alipiga kelele sawa nimemuua mama yake. Kiisha akakata kipande, akala. Akakata kingine.

Ijumaa, 13 mwezi wa tatu

Leo nilikaribia kulia. Nilienda mutoni kufua vitambaa. Mama wa nyumba tuliyolala akaona fromaji zina ukungu, akanihurumia, akazipanga zote kwenye kichanja juu ya moto, pamoja na samaki na nyama. Niliporudi, mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye majivu. Nilimufokea, mama mwenye umri wa mama yangu.

Alinitazama tu. "Papa, kitu isiyopita mu moshi inaoza. Kwenu hamujue?"

Kwao njo vile. Hakuna nyama inayokaa pasipo moshi. Alifanya kama angefanyia mwanawe. Mbili zimelegea na kuharibika. Zingine, kwa sababu ya ugumu wao, zimeshika moshi tu. Nimezipangusa, nimezitia chumvi, nimezipaka upya. Nilirudi kumuomba musamaha. Alinipa ndizi.

Jumanne, 17 mwezi wa tatu

Muto Lowa umejaa. Daraja ya kamba za muti imebebwa. Nyuma yetu kijito nacho kimefunga njia. Hatuendi, haturudi. Tumekaa kwenye udongo sawa kuku ndani ya kitunga. Muzungu anahesabu mawe yake. Mimi namuhesabia Furaha siku zake, na hesabu hainipendi.

Alhamisi, 19 mwezi wa tatu

Muzungu ameniambia habari njema. Kwake ni njema. Kila kiangazi atatembea na mimi, mupaka kule mbali Hombo. Hajaona fundi kama mimi. Atamwambia Bwana asiniachilie hata kidogo. Alinipiga begani, anatabasamu.

Basi nimeelewa. Ikioza, nabaki. Isipooza, nabaki. Nilichukua kasha mupaka ukingo wa maji. Nilitaka angalau nichague mimi mwenyewe namna ya kubaki. Nina hasira.

Papa Bauma alinifuata. Posho ya wabebaji imeisha tangu jana, unga wote umelowa. Alisema polepole: "Kaka, ukiitupa, sisi tutakula nini?"

Nimerudisha kasha. Muzungu alikubali, kwa uso mubaya. Nimekatia kila muntu kipande, na ndizi za kuchoma. Hata wale waliokuwa wanashika pua wamekula, wakalamba vidole. Nimefurahi kuwaona wakishiba. Nimekasirika kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 4 mwezi wa ine

Maji yalipungua, tukavuka, tukamaliza safari. Leo tumerudi shamba. Imebaki fromaji moja, nyekundu, ngumu, nzima. Bwana Ndevu aliikata mbele ya watu wote, akanusa moshi, akala, akafunga macho. Akaita bibi yake aje aonje. Muzungu wa Mawe aliongea sana, kifaransa, haraka, akininyooshea kidole.

Nilitoa kitabu changu cha kazi. Bwana hakukigusa. Alisema muntu anayejua namna hii haachiliwi. Kiisha akasema ameniandalia zawadi, nitazame kambini. Alituma kamio, gari kubwa la mizigo, Bihambwe wiki iliyopita.

Furaha alikuwa amekaa mulangoni kwa nyumba yenye namba yangu, na tumbo lake, na sufuria, na mikeka yetu yote. Walimuambia mimi njo nimemuita.

Watu walipiga makofi. Bwana alifurahi kweli, niliona. Sikujua kwamba muntu anaweza kufungwa na muntu anayetabasamu.

Jumapili, 10 mwezi wa tano

Mutoto mwanaume. Alizaliwa kambini wiki iliyopita, mvua ikipiga mabati. Furaha iko muzima. Namushukuru Mungu.

Leo asubuhi kitovu kimeanguka. Wanawake wa kambi walitaka tukizike nyuma ya choo, pale fasi wanazika vitovu vya watoto wote hapa. Furaha alikifunga katika kitenge, akanipa.

Nilikipeleka kwa Papa Bauma. Yeye iko na ruhusa ya kwenda kwao, njia inapita Bihambwe. Nilimweleza mugomba gani, na mama yangu amwage maji kiasi gani juu ya udongo. Alikitia ndani ya kofia, akavaa kofia.

Nilimusindikiza mupaka bariere. Polisi alisoma karatasi yake, akamwambia pita. Nilibaki upande huu wa muti. Nilimutazama mupaka kilima kikamumeza.

Furaha ameuliza kama kitovu kimepita bariere. Nimesema kimepita. Sasa ananyonyesha.